Eda Iliyokataa Kwisha

Siku hizo za Mwingereza, zahanati ya kwetu Temeke ilikuwa chumba kimoja na benchi moja refu. Nilikuwa nimekaa hapo na homa yangu, mara jirani yetu aliyefiwa na mume akaletwa na wifi yake.

"Bwana dresa, eda imekwisha miezi mitatu sasa, na bado hatoki ndani," wifi alimwambia mganga wetu wa zahanati.

"Unaumwa wapi, mama?"

Mjane aligusa kifua, akagusa kichwa, kisha akauacha mkono uanguke mapajani. "Siumwi pahali. Nimechoka kuamka tu."

Dresa alikuwa keshashika chupa ya dawa. Akairudisha kabatini. "Hilo mie sina dawa yake. Lakini kila asubuhi njoo ukae benchi hili. Usipokuja, nitakufuata."

Akawa anakuja. Wiki za kwanza alitazama sakafu tu. Baadaye akina mama wanaoingia kuchomwa sindano wakawa wanampa watoto awapakate, na siku moja nikamsikia akimgombeza kichanga kwa kumkojolea. Ilikuwa sauti yake ile ile ya zamani.

Leo maradhi hayo yana jina, sonona, yana madaktari na vidonge, nami nashukuru. Ila benchi lile nalikumbuka. Nakumbuka pia miezi ile mitatu, tulivyokuwa tukipita mlangoni kwake tukiambizana, "Huyo ndiye mke, kamlilia mumewe kwelikweli."

Hatukubisha hodi hata siku moja. Tulimsifu, tukapita.