Nilimuonea workmate wivu juu ya nyumba ya mbao, nikamharibia jina

Wakuu niaje. Hii kitu nimekaa nayo karibu mwaka mzima na hata dada yangu hajui. Sitajipaka rangi. Mkitaka kunitusi mtanitusi, lakini someni mpaka chini.

Mimi ni cashier kwa agrovet fulani hapa Nakuru. Tunauza mbegu, dawa ya ng'ombe, chakula ya kuku.

Mwenzangu wa counter alikuwa Chebet, mama ya watoto wawili anawalea peke yake. Tuliandikwa kazi siku moja, mshahara sawa.

Nilikuwa (na bado niko) one bedroom mtaa wa Section 58. Tiles, maji ndani, balcony. Rent inakula zaidi ya nusu ya mshahara, lakini nilikuwa najiambia mtu lazima aishi kama mtu.

Chebet alikuwa mtaa wa Kaptembwa, single room ya mabati, choo ya kushare na wapangaji wa plot nzima. Lunch yake ni githeri, mahindi na maharagwe tu, kwa kopo, kila siku.

Nilikuwa namhurumia. Hapana, wacha niseme ukweli, nilikuwa nafurahia. Ukiwa na mtu wa kuhurumia, rent yako haiumi sana.

Sasa Jumatatu moja akaniambia polepole amehamisha watoto Elburgon. Nikauliza kama amepata ya kurent. Akasema hapana, ni yake. Shamba alilipa kidogo kidogo miaka sita, mbao akanunua zile reject za sawmill. Akanialika Jumapili, nyumba iombewe.

Nikaenda.

Vyumba vitatu, mabati ya kijani, sukuma wiki nyuma ya jikoni, baridi ya msitu wa Mau inakupiga uso. Mamake anagawa chai, watu wanaimba. Mimi nazunguka natafuta makosa. Hii mbao itaoza. Hapa mvua ikinyesha gari haifiki.

Watoto wake walikuwa wanafungua na kufunga milango, chumba hadi chumba, wanacheka. Hawakuwa wamewahi kuishi kwa nyumba iko na mlango ya ndani.

Hapo ndio niliumia kabisa.

Jioni nikakaa kwa balcony yangu, nikaona kama ni ya mtu mwingine. Na kusema kweli ni ya mtu mwingine.

Hiyo wiki boss wetu, tunamwita Mathe, akaniuliza tukiwa wawili kwa ofisi: huyu Chebet amejenga na nini?

Nikamjibu, "Hata mimi nilishangaa. Na ni yeye hukaa na funguo ya store."

Basi. Ile miaka sita na mbao za reject sikuzitaja. Sikusema uongo hata neno moja, na hapo ndipo ubaya ulikuwa.

Kesho yake Chebet akaambiwa abaki nyumbani tukihesabu stock. Wiki tatu bila pay. Nikawa napanga chakula ya kuku nikijiambia mimi nilijibu tu swali.

Maneno kwamba ameiba ikafika Elburgon. Mamake akaacha kwenda kikundi ya wamama ya kanisa, kwa sababu akiingia wananyamaza.

Stock ikaisha kuhesabiwa. Hakuna hata pakiti ya mbegu ilikuwa imepotea.

Mathe akampigia arudi kazi. Akaja, lakini kuchukua leso yake na kopo. Nikamfuata nje nikamwambia ni mimi nilisema. Nilidhani atanipiga kofi. Afadhali angenipiga.

Akauliza, "Nilikukosea wapi?"

Nikamwambia hakunikosea. Alijenga tu.

Akafunga kopo yake ndani ya leso. "Ungeniuliza, ningekupeleka kwa yule mzee aliniuzia. Iko shamba ingine kando ya yangu."

Akaenda.

Jumapili iliyofuata nilipanda Elburgon, nikasimama kanisani mbele ya wale wamama nikasema ni mimi nilimharibia Chebet jina. Nikapita kwao nyumbani, mamake akanisalimia kwa mkono. Chebet hakutoka nje.

Siku hizi ana duka yake huko, anauzia wakulima mbegu na dawa. Hajaniblock. Akiweka picha ya hiyo jikoni kwa status ya WhatsApp, bado kitu hunikata hapa kifuani. Sijapona, wakuu. Ningewaambia nimepona mngejua ni uongo.

Kitu nimejifunza: wivu haihitaji uongo, inahitaji tu ukweli nusu na mtu wa kuisikiza. Na kama rafiki yako amepiga hatua, muulize alipitia wapi kabla uanze kuuliza wengine alitoa wapi.

Sasa nisaidieni. Wiki jana nilimtafuta huyo mzee. Ile shamba kando ya Chebet bado haijauzwa, na anakubali kulipwa pole pole. Itabidi nitoke Section 58 niingie single room ndio nipate ya kumlipa.

Hiyo siogopi. Mwenye ako na maoni aweke hapa chini, lakini jibuni hii kwanza: ungekuwa Chebet, ungetaka kuamka kila asubuhi ukinipata kwa fence?