Siku Wankyo Alipoanua Tanga

Dhoruba ilipobomoa njia ya mlimani, Magige ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kuoga kungoje mwakani. Aliyasema kwa upole, ameegemea pikipiki yake, huku ng'ombe wake wakila nyasi katika shamba la marehemu kaka yake.

Wankyo, mjane wa huyo kaka, alimwelewa vizuri. Katika ukoo wa mumewe pale Butiama, mjane hashiki jembe mpaka aoge kwenye maporomoko ya juu ya kijiji, mwanamke wa ukoo akishuhudia. Hapo ndipo tanga huanuliwa na shamba likawa lake. Kungoja mwakani kulikuwa kumwachia Magige msimu mwingine, na pengine shamba lenyewe.

"Nakwenda kesho," alisema.

"Njia hakuna, shemeji. Miti imelala yote."

"Kama imelala, nitairuka. Haitaamka."

Asubuhi alitangulia na panga. Nyuma yake alihema wifi yake Adventina, dada wa marehemu, aliyetoka Bweri jana yake ili ashuhudie.

"Wifi, ungeolewa na mtu wa ufukweni tungekuwa tumeshaoga zamani."

"Ningemkosa wifi wa kunisumbua."

Walipita chini ya magogo, wakatambaa palipomeguka, udongo mwekundu ukiwaganda hadi magotini. Magige aliwafuata kwa mbali, mikono mfukoni.

Walipofika, Wankyo alisimama ghafla. Mkuyu mkubwa uliokuwa ukingoni ulikuwa umeng'oka na kuziba mkondo. Bwawa walimooga wajane wote kabla yake lilikuwa tope tupu. Maji yalikuwa yamegeuza njia, sasa yakianguka upande wa pili wa mwamba, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuoga.

Magige alicheka. "Wajane waliogaga hapa. Hapa hamna maji. Turudi."

Wankyo alitazama lile tope, kisha akayatazama maji yakipiga mwamba mpya kwa kishindo.

"Maji yamehama, shemeji. Mimi nibaki kwa nini?"

"Huko si mahali petu."

"Kwani anayeshuhudia ni nani?" aliuliza Adventina, akijifuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Ni mimi. Na mwanamume haangaliagi mjane akioga. Geuka, Magige."

"Adventina, wewe ni mdogo wangu."

"Ndiyo. Geuka, kaka."

Magige akageuka, akawa anautazama mti ulioanguka. Wankyo alivua kitambaa cheusi cha msiba, akaingia chini ya maji. Yalikuwa ya baridi, yakampiga mabegani kama yanataka kumtoa. Hakutoka mpaka Adventina aliposema, "Nimeona. Imetosha."

Waliporudi kijijini Wankyo hakwenda kubadili nguo. Alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango tangu mazishi, akaenda nalo shambani akiwa bado anachuruzika, akafungua ua wa miiba.

"Shemeji," aliita bila kupaza sauti, "njoo uchukue ng'ombe wako. Nataka kulima."