Macho ya Aliyeonja

Rafiki yangu, nilirudi Kasongo juzi juzi kwa harusi ya mjukuu wa ndugu yangu, na kabla sijamwona hata bibi harusi nilikuwa nimeshagombana na mtu sokoni. Sikugombana naye kwa mdomo. Niligombana naye kimoyomoyo, na kwa umri wangu hilo nalo linachosha.

Alikuwa mwanamke ameketi kando ya wauza mchele. Alitandika gunia, na juu ya gunia akapanga mizizi mikavu, myeusi kwa nje, myeupe palipokatwa. Alikuwa akiinadi kwa sauti nzuri: ya mifupa, ya tumbo, ya kifua, ya mama aliyejifungua, ya mzee asiyepata usingizi. Dawa inayoponya watu wote hao mimi huiogopa kuliko magonjwa yao. Nikachovya vidole kwenye sufuria alimoiloweka, nikatoa kipande, nikakisugua. Kikateleza kama bamia. Hapo nikajua ni kitu gani, ingawa sikuwa nimekigusa tangu wakati wa Wabelgiji.

"Usiogope, nkambo," akaniambia. "Mimi mwenyewe niko nakunywa kila siku."

Akachota kikombe, akanywa chote mbele yetu, akajipangusa midomo. Watu waliokuwa wakisitasita wakasogea kununua. Nkambo ni bibi, kwa usemi wa kwetu, na nilipoitwa hivyo nikamkumbuka nkambo wangu mwenyewe, ambaye kikombe kimoja kisingemtosha.

Nkambo alikuwa mtu wa Kabambare, upande wa Wamaza, na alikuja kukaa kwetu Kasongo baba alipokwenda kufanya kazi ya reli Kindu. Kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Nyumba yetu ilinuka mafuta ya mawese yaliyopashwa moto na magome ya miti aliyoyaanika juu ya paa. Asubuhi nilizinduliwa na mlio wa kinu chake, maana alitwanga dawa kabla ya kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, na kila mara nilikuwa na wasiwasi kwamba kinu hakikuoshwa vizuri katikati. Nilimuuliza siku moja. Akaniambia anayeona shaka na ale wali mtupu. Nikala wali mtupu siku mbili, kisha njaa ikanishinda.

Nadhani shaka yangu niliirithi kwake. Hakupokea chakula kilichofunikwa na mtu asiyemjua, wala hakunywa maji ambayo mwenye nyumba hakuyaonja kwanza. Kwa dawa sheria yake ilikuwa kali zaidi: anayeleta dawa aimeze yeye mbele ya mgonjwa, na asiondoke. Hata dawa zake mwenyewe alizionja hivyo, akikunja uso, huku mgonjwa anamtazama.

Nilikuwa na miaka kama tisa nilipoanguka kutoka mperani nikavunjika mkono wa kulia. Nkambo aliuvuta, akaunyoosha, akaufunga kwa vijiti vya mianzi, nami nikapiga kelele zilizofika barabarani. Barabarani alikuwa anapita sista wa dispensari ya misheni na baiskeli yake. Akaingia uani bila kuitwa. Alitazama vile vijiti kwa makini, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba kazi ni nzuri, lakini uvimbe ni mkubwa, na yeye ana majani ya kuushusha. Yalitoka kwao Ulaya, aliyapanda nyuma ya dispensari, na kwao yaliitwa majani ya kuunga mifupa.

Nkambo hakupenda kusikia kwamba Ulaya nako kuna waunga mifupa. Kesho yake sista akaleta majani yenyewe: mapana kama ya tumbaku, yana vinyweleo vinavyowasha mkono. Aliyaponda yakawa uji mzito wa kijani. Nkambo akamwambia aonje. Sista akacheka, akachovya kidole, akakilamba. Ndipo nkambo akaruhusu, ila alipanga yeye mwenyewe mahali pa kupaka. Pale ngozi ilipochubuka hakutaka jani liguse. Alisema kidonda kikifungwa haraka juu, usaha unabaki umelala chini, na atakayekuja kuufungua atakuwa yeye. Sista akakubali kwamba hata kwao wanasema hivyo.

Uvimbe ulishuka. Lazima niseme ukweli, ulishuka vizuri, na mkono wangu hadi leo umenyooka. Nkambo aliukagua kila asubuhi kama anayetafuta mahali alipoibiwa, asipate kitu. Akaomba kipande cha mzizi wake, mweusi kwa nje na wenye kuteleza, akakipanda karibu na mfereji wa maji ya bafuni, nacho kikaota kwa fujo.

Shida ilianza na tumbo la mama. Mama alikuwa na moto chini ya kifua, akila analia, asipokula analia. Nkambo alijaribu alichokijua, lakini tumbo halikuwa kazi yake. Sista akasema naye ana moto huohuo, na kila asubuhi hunywa kikombe cha mzizi ule uliochemshwa, na moto hulala. Hata sungura wake aliwalisha majani yake, nao walinenepa. Nkambo akamjibu kwamba sungura huchinjwa kabla hajazeeka, kwa hiyo hawezi kuwa shahidi.

Basi sista akaonja. Alikunywa kikombe kizima kwenye mkeka wetu, na nkambo akamweka hapo mpaka adhana ya alasiri, akimletea karanga ili asione vibaya. Hakuna lililotokea. Mama akaanza kunywa, asubuhi na jioni, na baada ya siku chache alikula wali na sombe bila kushika tumbo. Tulifurahi sana. Nkambo peke yake hakufurahi.

"Kuonja haiishe ku mulomo," aliniambia, akijigusa midomo. "Yule mama wa misheni alianza kunywa zamani, mbele ya mama yako kuanza. Kama kuko kitu, itaonekana kwake kwanza. Utakuwa unaenda kumuangalia macho."

Hiyo ikawa kazi yangu. Kila siku ya soko nilibeba ndimu na mayai matatu kama zawadi kwa sista, nikayatazama macho yake, nikarudi kutoa habari. Nkambo aliniuliza swali moja tu: macho yake iko namna gani? Nami nikajibu: iko meupe. Yeye akatikisa kichwa na kuendelea kupepeta mchele.

Sikuwa nimeona kitu kizuri kama chumba kile cha dispensari. Kilinuka sabuni na spiriti, na mezani palikuwa na cherehani ya mkono. Sista alishonea bendeji. Siku ya kwanza aliniambia nizungushe mpini kwa ule mkono uliovunjika, ili urudishe nguvu. Siku ya pili akanipa kipande cha sukari. Siku ya tatu akanitolea kitambaa cha samawati chenye maua meupe, akanipima mabega kwa kamba, akasema tutashona nguo yangu, mimi na yeye, kidogo kidogo kila nikija. Watoto wa kwetu Waislamu hatukusoma kwa masista, na hakuna mzungu aliyewahi kunipima mabega. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Tulishona mwili wa nguo. Tukashona mkono wa kushoto. Siku ile tuliyomaliza mkono wa kushoto, sista aliinama kukata uzi kwa meno, mwanga wa dirisha ukampiga usoni, na nikaona pembe za macho yake zina rangi ya mafuta mapya ya mawese yakianza kuganda. Nilimtazama sana. Akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Njiani nilitembea polepole. Nilijua kabisa nimetumwa kwa ajili ya nini. Na nilijua vilevile kwamba nikisema, sitarudi tena pale, na nguo itabaki na mkono mmoja. Nikajiambia labda ni homa tu, maana homa nayo hugeuza macho, na mama mbona anakula vizuri. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Nkambo akaniuliza kama kawaida.

"Iko meupe," nikasema.

Nilisema hivyo wiki ya mkono wa kulia. Nikasema wiki ya ukosi, na wiki ya vifungo, na wiki ya kupiga pindo. Nilijifunza kutomtazama sista usoni ili uwongo uwe mdogo. Yeye mwenyewe sidhani alijua. Kwenye chumba kile sikuwahi kuona kioo. Alichoka upesi siku hizo, akakaa, akaniacha nizungushe peke yangu.

Nilirudi nyumbani siku ya pindo nikiwa nimeivaa. Nkambo alikuwa ameketi mlangoni kwa mama. Hakuitazama nguo. Aliniita ndani, akanionyesha mama amelala chali, tumbo limevimba juu ya miguu iliyokonda, kisha kwa kidole gumba akamfunua ukope. Mama alikuwa amesinzia, hakuamka. Jicho lilikuwa la manjano.

Nilingoja aniulize swali letu la kila wiki. Hakuniuliza hilo. Alinitoa uani, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Yule mama wa misheni, macho yake ilianza lini?"

Ningeweza kukataa. Lakini hakuuliza kama ilianza, aliuliza lini, na mimi nilikuwa mtoto tu, kalenda nyingine sikuwa nayo.

"Wakati nguo ilikuwa na mukono moja," nikasema.

Nkambo akaishika nguo kwenye mkono wa kulia, akafuata mshono kwa kidole mpaka begani, kwenye ukosi, kwenye vifungo, chini hadi kwenye pindo. Hakunipiga. Ningemshukuru angenipiga.

"Basi mama yako amekunywa nguo yako yote," akasema.

Jioni ileile alimwaga chungu cha dawa na kung'oa mmea wote karibu na mfereji, akifukuza mizizi kwa jembe, maana ile ukiacha kipande inaota tena. Asubuhi alitembea mwenyewe hadi misheni, yeye ambaye hakuwahi kuvuka lango lile, akamwambia sista aache kunywa, macho yake yamebadilika. Alituambia sista alimshika mikono akamshukuru, akasema ni homa. Baada ya muda mfupi lori likampeleka kwenye gari moshi, na hatukupata habari zake tena. Sikumuaga.

Mama hakufa. Tumbo lilishuka polepole, masika mbili zikapita kabla hajatwanga tena, na mafuta ya mawese hakuyaweza maisha yake yote. Siku ya Idi nkambo aliitoa ile nguo sandukuni akaniambia nivae, ni yangu. Mama alikaa akiegemea ukuta, akaigusa mikono yote miwili, akasema nimependeza. Niliona aibu ambayo hata sasa, nikikuandikia, inanipanda shingoni. Sikumwambia kamwe. Alikufa mzee akiamini ilikuwa homa.

Mjukuu wangu ni muuguzi, nimemuuliza. Anasema jani lile juu ya ngozi nzima, kwa siku chache, kwa uvimbe au mteguko, halina neno kubwa. Kwenye kidonda kilicho wazi hapana, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiliguse kabisa. Kulinywa ndiyo hatari, na mzizi umezidi jani. Linakula ini kidogo kidogo, na ini halilalamiki mapema. Kama ndilo lililomfanya mama vile, hawezi kuapa. Nkambo alijua nusu ya hayo bila darasa, akakosea jambo moja tu: mtoto aliyemtuma kuyatazama macho.

Nyuma ya dispensari sasa ni nyasi, pikipiki za abiria zinapita pale palipokuwa na vizimba vya sungura. Mpera umekatwa. Desturi ya kuonja bado ipo, nimeiona kwa macho yangu sokoni, ila imebaki ya kuvutia wanunuzi. Mtu anakunywa, watu wanaridhika, kila mmoja anashika njia yake. Hakuna tena bibi anayeketi mpaka alasiri na sahani ya karanga, wala anayetaka habari za wiki ya sita.

Kwa hiyo nilibaki. Harusi ilinisubiri, nami niliomba kigoda nikakaa mbele ya yule mwanamke mpaka akaanza kufunga gunia. Akainama, jua likampiga usoni, nikayatazama macho yake vizuri. Niliyaona meupe. Lakini hata mimi nikisema meupe, sijiamini.