Kikombe cha Ebenezer

Ebenezer, mumewe Grizel Pinkerton, alifuma shali mjini Paisley huku akitunga nyimbo, na maisha yake yote hakuonja wiski. Kifua ndicho kilichomuua. Grizel alijivunia nyimbo zile, lakini alijivunia zaidi kinywa kile kisafi, maana baba yake mwenyewe aliuawa na ulevi na mji mzima ulijua.

Mwaka wa pili wa ujane, Lochhead mpiga chapa alikuja kuomba kikombe cha marehemu. Chama cha washairi kilikuwa na karamu, na desturi yao ilikuwa kumkumbuka mwenzao kwa kunywea chombo chake.

"Alikinywea mtindi," Grizel alisema. "Waambie hivyo."

"Nitawaambia, mama."

Wanawake hawakukaribishwa mezani, kwa hiyo alisimama mlangoni. Aliona kikombe kikijazwa wiski na kupitishwa mkono kwa mkono.

"Tumnywee Eben wetu, aliyezama humu akaibuka na nyimbo!" Lochhead alipaza sauti.

"Mwongo we! Kilikuwa cha mtindi!"

"Hata sisi tunapiga mtindi, mama!" mmoja alijibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lochhead alimfuata nje. "Usinikasirikie. Mshairi asiyelewa nani atamnunua?"

Lochhead alipokitoa kitabu cha nyimbo za Ebenezer, mwanzoni palikuwa na picha ya kikombe, na chini yake maneno: "Kilichomuua." Kiliuzwa kikaisha. Majirani walikuja kumpa Grizel pole, na kwa upole kabisa walimkumbusha kwamba hata baba yake alikuwa vivyo hivyo.