Helikopta Iliyonionyesha Sikio la Baba

Mwaka wa 1997 nilimfukuza mtu kwa geti letu hapa Kitengela kwa sababu ya sikio lake.

Si utani. Sikio.

Naitwa Morgan. Wanaonijua wanajua ile kazi yangu ya ajabu: natengeneza modeli za helikopta za zamani za jeshi. Nasema mapema kwa sababu lazima kuna mtu hapa atauliza kama zinaruka. Haziruki. Ni za kuangalia.

Kila futi ya ndege halisi, kwangu ni nusu inchi. Mkia nausuka kwa spoki za baiskeli na vyuma vya mwavuli. Kile kichwa cha kioo nakitoa kwa chupa ya soda ya plastiki, naipasha moto juu ya kibonge cha mbao mpaka ishike umbo. Nimeunguza chupa nyingi kuliko mtu yeyote Kajiado nzima.

Nilianza nikiwa na miaka kumi, sababu ya picha moja.

Baba yangu, Makokha, alikuwa fundi wa helikopta jeshini. Agosti 1982, siku za ule mvurugo wa jeshi la anga kutaka kupindua serikali, alitoka nyumbani na hakurudi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Askari walikuja wakapekua nyumba wakaondoka na albamu zote.

Mama yangu, mwalimu Nakhumicha, alizunguka ofisi moja baada ya nyingine akiuliza kama mume wake ni mfungwa au ni maiti. Hakuna aliyemjibu.

Kilichobaki ni negativu moja tu iliyokuwa imelala katikati ya Biblia. Mwaka uliofuata mama akaipeleka studio fulani mjini Kajiado, wakamtolea picha kubwa. Akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya meza ya kulia. Tulipohamia Kitengela, ilikuwa ya kwanza kutundikwa.

Kwenye hiyo picha baba amesimama mbele ya helikopta ndogo, ile ya zamani yenye kichwa kama bakuli la kioo na mkia wa vyuma vilivyosukwa. Anaangalia kamera moja kwa moja. Sikio lake la kulia halina sehemu ya juu. Mbwa alimng'ata akiwa mtoto kule Bungoma.

Hivyo ndivyo nilivyomjua baba. Kwa picha, na kwa sikio.

Sasa, mjue Kitengela ya wakati ule. Ploti zilikuwa zimeanza kupanda bei, na matapeli walikuwa wanaleta waume feki, wajomba feki, hata marehemu feki. Ploti yetu mama aliiandikisha kwa jina la baba, ati siku akirudi apate kwake. Kila mgeni tulikuwa tunamwangalia kwa jicho la pembeni.

Siku hiyo mama alikuwa ameenda matanga ya mwalimu mwenzake, mbali. Mimi, kijana wa miaka kumi na minane, ndiye mwenye nyumba.

Geti likagongwa. Nikafungua nikakuta mzee mwembamba, meno ya mbele hana, uso umekaushwa na jua.

"Hapa ni kwa mwalimu Nakhumicha?"

"Wewe ni nani?"

"Ni Makokha." Akaniangalia sana. "Wewe ni Morgan?"

Nisiwafiche, nilitaka awe yeye kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutaka.

Akavua kofia.

Sikio lililokatika lilikuwa la kushoto.

Nikarudi ndani nikaangalia picha. Kulia. Nikatoka nikamwangalia mtu. Kushoto. Mtu anaweza kuzeeka, anaweza kung'oka meno, lakini sikio halihami upande.

Jirani yetu Omolo alikuwa ameshafika kusikiliza, maana Omolo hakuwahi kukosa jambo. Nikamweleza.

"Hawa mabroka wa ploti wameharibika, buda," Omolo akasema. "Sasa wanakatia mtu sikio na hata hawaulizi ni gani!"

Tukacheka. Mbele yake.

Yule mzee hakukasirika. "Nilifungwa," akasema. "Nilipotoka niliwatafuta miaka mingi, hakuna mtu alijua mlihamia wapi, mpaka juzi nikaelekezwa hapa. Kijana, ngoja mama yako aje. Yeye atanijua."

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani mpaka leo naandika hapa.

"Mama aliolewa," nikamwambia. "Ako na bwana yake Kiserian. Amesema mtu yeyote akikuja na hizo stori, tuite polisi."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka tu aende.

Akashika geti kwa mkono mmoja. "Ako sawa huko?"

"Ako sawa sana."

"Basi usimwambie nilikuja." Akavaa kofia yake. "Mimi niko Magadi, natengeneza baiskeli. Wewe ukinihitaji, kuja."

Omolo akampigia mluzi mpaka akapotea kule kwenye lami.

Mama aliporudi nilimpa nusu ya habari. Nikamwambia kulikuja tapeli, sikio lake la kushoto. Ya Kiserian nikayameza.

Mama alisimama mbele ya picha muda mrefu. "Kushoto?" akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana. Makokha ni kulia."

Tukafunga hayo maneno.

Miaka saba ikapita. Mwaka wa 2004 moyo wa mama ukavimba. Tukamlaza hospitalini Kajiado, na daktari akaniita kando akaniambia nijiandae. Nilimwelewa, lakini nilimfanya arudie mara tatu kama mjinga.

Mama mwenyewe alijua. Alinishika mkono akasema, "Morgan, sina haja na kitu kingine. Nataka tu kujua Makokha aliishia wapi. Nisiende bila kujua."

Ningemtolea wapi jibu? Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, nikaosha uso, nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nikaamua nimjengee ile helikopta ya kwenye picha, kamili, niiweke kando ya kitanda chake. Siku tisa sikufanya kazi nyingine. Nilijichoma vidole kwa solda, nikala mkate mkavu nikiwa nimesimama. Nilihisi nikimaliza kabla hajaenda, nitakuwa nimempa kitu.

Tatizo likawa injini, kwa sababu kwenye picha baba ameificha kwa mwili. Mtu wa kanisani akanielekeza kwa Mzee Bedan, fundi mstaafu wa helikopta za jeshi anayekaa Kiserian. Nikaifunga modeli kwa shuka, nikabeba na picha, nikaenda.

Mzee Bedan aliizungusha modeli polepole kwenye meza yake. Nikasubiri sifa.

"Kazi safi," akasema. "Lakini umekosea kitu hata mwanafunzi wa wiki moja hawezi kukosea. Propela ya mkia umeiweka kushoto."

Wasomaji wangu, mimi nina kiburi na hiyo kazi. Nikawaka. "Mzee, mimi nimepima kila kitu kwa picha."

"Hii ndege nimeifungua na kuifunga miaka kumi na moja, kijana. Propela hukaa kulia. Zote. Hakuna moja ilitoka kiwandani ikiwa kushoto. Leta hiyo picha."

Nikampa. Akaitazama kidogo tu, akaguna.

"Nani alisafisha hii picha?"

"Studio. Kwa negativu."

"Aliweka negativu uso chini mgongo juu, huyo. Picha imegeuka. Na hamngejua, kwa sababu hakuna hata herufi moja ya kusoma. Namba iko kwa tangi, na huyu jamaa amesimama hapo mbele."

Akainuka, akaipeleka picha kwenye kioo cha kunyolea kilichotundikwa ukutani. "Usiangalie picha. Angalia kwa kioo."

Nikaangalia.

Propela ilikuwa imehamia mahali pake.

Na baba yangu, ndani ya kile kioo, alikuwa amekatika sikio la kushoto.

Sijui nilianguka au nilikaa. Nakumbuka nikiwa chini, na Mzee Bedan akisema, "We kijana, ni ndege tu, inarekebishwa."

Modeli nikaiacha kwake, na siku hiyohiyo nikaenda Magadi. Joto la kule linakupiga usoni kama umefungua jiko. Askari wa Kimaasai kwenye lango la mji akanisalimia, "Supa." Nikajibu, "Ipa," nikamuuliza kama anamjua mzee anayeitwa Makokha, wa baiskeli. Miaka saba ni mingi, mtu huhama, mtu hufa.

Akanyoosha rungu. "Si yule?"

Alikuwa ameinama chini ya turubai, gurudumu mkononi, anakaza spoki. Alikuwa amezeeka zaidi. Aliniangalia, akanitambua mara moja, na hakusimama.

"Umekua," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakanitoroka. Yakatoka tu, "Baba, ile picha iligeuzwa."

Hakuelewa, na hakuuliza. Aliuliza kitu kingine. "Mama yako, huyo bwana wa Kiserian anamtunza vizuri?"

"Hakuna bwana," nikasema. "Hakuwahi kuwa. Nilikudanganya. Mama amekungojea mpaka leo, na sasa anakufa."

Mkono wake ukasimama kwenye spoki. Nilitaka anipige. Nawaambia ukweli, ningeshukuru kama angenipiga.

Aliweka gurudumu chini, akaingia nyuma ya turubai, akatoka amevaa shati safi. "Twende," akasema.

Tulifika Kajiado kesho yake, saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuwa macho, amepungua lakini akili iko sawa. Nikasema, "Mama, nimemleta baba." Nikangoja machozi, nikangoja kelele za furaha.

Mama alimtazama mtu huyo kutoka juu mpaka chini. Kisha akatazama sikio.

"Morgan," akasema, "huyu si kushoto?"

Nikamweleza habari ya negativu. Nikatoa kioo kidogo nilichokuwa nimekinunua njiani, nikakishika mbele ya picha. Akageuza uso.

"Usinichoshe na vioo. Huyo wa kwa picha nimeishi naye miaka ishirini na moja. Naweza kukosa kumjua?"

Baba akapiga magoti kando ya kitanda. "Nakhumicha. Siku nilileta marafiki wa kambini mara ya kwanza, wali ukaungua, wewe ukalia jikoni. Nikawaambia kwetu wali huliwa hivyo. Wakala wote."

Mama akafumbua macho yote. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akacheka.

"Alikuambia hata hiyo?"

Baba akaweka mkono wake juu ya shuka.

"Basi mlikuwa mmefungwa pamoja," mama akasema, akamshika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Asante kwa kuja. Asante sana, ndugu yangu. Hebu niambie, Makokha alikufa akisema nini?"

Nikafungua mdomo. Baba akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo.

"Alikuwa anakutaja wewe," akasema. "Alisema alioa vizuri. Alisema alikuwa anakuja nyumbani."

"Kwa nini hakufika?"

"Alifika karibu sana."

"Nani alimzuia?"

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu ya kitanda, na nilijua kwamba neno moja tu la mzee huyo lingetosha, na lingekuwa la haki.

"Hakuna mtu," baba akasema. "Alichoka tu njiani."

Mama akafumba macho. "Nilijua hawezi kuwa alitutupa," akasema.

Aliishi siku nne zaidi. Baba ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, na mama akawa anamwita "mgeni wetu", anawaambia manesi wamwone huyu mtu, rafiki ya mume wake, ametoka Magadi yote hiyo. Alfajiri ya siku ya tano akaenda. Alikuwa amepata alichokuwa anataka, na mwenye kumpa alikuwa mume wake, na yeye hakujua.

Baada ya mazishi nilimuuliza baba kwa nini hakunisema. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Angekufa akiwa na hasira na nani?" akasema. "Na wewe ndiye ulikuwa umebaki kwake."

Naandika hii kwa sababu mama hakuwahi kuusikia ukweli kutoka kwangu, na lazima niuseme mahali.

Wanangu, wadogo zangu, mkiwa na shaka juu ya mtu, muulizeni, mpimeni, hata mkitaka mwiteni chifu. Lakini msimwongezee uongo ili aondoke haraka. Kuhusu sikio nilikosea, na hilo lilikuwa kosa la studio, naweza kulala nalo. Kiserian niliitunga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ndiyo iliyomweka baba Magadi miaka saba.