Nguo ya Gael Haikuwa na Kasoro

Wivine, mwenzangu wa kikundi cha maigizo, aliingia karakanani kwangu bila hodi, akaninyooshea simu.

"Mama Mianda, tazama. Hii si kazi yako?"

Ilikuwa video fupi, imepigwa asubuhi hiyo hiyo kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Mutoshi. Mlinzi wa kampuni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, kitambaa cha vumbi kimefunika pua na mdomo, anapuliza filimbi na kuwatoa watu mashimoni. Watu wanatoka mbio, wengine wameacha hata makoleo.

Uso wake haukuonekana. Mimi nilitazama bega la kushoto.

Jamani, fundi anaujua mshono wake hata ukimwamsha usingizini. Ile ilikuwa nguo yangu. Nguo ya mchezo wa kuigiza! Jumatano tuliifungia ndani ya sanduku la kikundi, na ufunguo alibaki nao Gael, mwigizaji anayeivaa.

Nikakaa juu ya lundo la vitambaa, nikaitazama ile video tena toka mwanzo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana mtanihukumu, na mkinihukumu nataka muwe mnajua kila kitu.

Mimi nashona hapa mtaa wa Manika, Kolwezi, huku Kongo. Mabulauzi ya wamama na sare za shule ndiyo yananipa ugali. Lakini raha yangu ni kikundi chetu cha tiyatri. Kiongozi wetu ni Tata Kalonji, mwalimu mstaafu, mtu wa kanuni nyingi, na kanuni moja ndiyo kubwa kuliko zote: nguo yoyote ya mamlaka lazima iwe na kasoro moja inayoonekana.

Kanuni hiyo ilizaliwa siku Stany, mwigizaji wetu mmoja, alipotoka kwenye mchezo akiwa bado na kanzu ya padri. Familia moja ikamkamata njiani, ina mgonjwa mahututi. Kila alipojaribu kueleza walizidi kulia na kumvuta mkono. Mwisho akaingia, akamshika mgonjwa kichwa, akasali. Mgonjwa akafa ametulia kabisa. Stany alikaa wiki nzima bila kula vizuri.

Tangu hapo padri wetu ana msalaba mgongoni. Jenerali wetu ana kifungo kimoja cha rangi ya waridi. Watazamaji wamezoea, wanaanza mchezo kwa kuitafuta ile kasoro. Atakayeiona wa kwanza anapiga kelele "Nimeiona!" na uwanja mzima unacheka.

Sasa mwaka jana tulienda mashindano Lubumbashi. Jaji mmoja akasema mavazi yetu ni kazi ya watoto waliofungua kabati la baba yao. Akasema mbele ya watu! Nilitabasamu kama sijasikia, nikafika nyumbani nikalia mpaka macho yakavimba.

Kwa hiyo mchezo huu mpya, wa mlinzi wa machimbo, nikasema watanijua. Nilizunguka kwenye tombola, mitumba ya sokoni, mpaka nikapata kitambaa chenyewe. Nembo nikaitarizi uzi kwa uzi. Mifuko, mikunjo, mkanda, vyote sawasawa. Na chini ya kola, mahali pasipoonekana, nikashona kijilebo changu: Mianda Couture. Kiburi tu, hakuna kingine.

Tata Kalonji aliigeuza ile nguo mara tatu.

"Mianda, kasoro iko wapi?"

"Iko ndani, Tata. Mu doublure, kwenye bitana. Gael akifungua vifungo jukwaani, bataiona."

Nilimdanganya mzee yule nikimtazama machoni. Naye akaamini, kwa sababu sikuwahi kumdanganya.

Na Gael je? Gael alikuwa mchimbaji mchana, mwigizaji jioni. Mtu mpole mpaka anakera. Akianza kusema, watu wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna mtu. Siku nilipomvalisha kwa mara ya kwanza, Wivine alikuwa anakula mkate. Alimwona Gael mlangoni, akasimama wima, akauficha mkate nyuma ya mgongo! Tulicheka hadi tukashika mbavu.

Gael hakucheka. Alijitazama kwenye kioo changu muda mrefu.

"Mama," akasema, "hii nguo inasemaka mbele mi nifungule kinywa."

Nguo inasema kabla yake: niliona ananisifu. Moyo ukajaa furaha, basi nikaacha hapo.

Sasa rudini nami kwenye ile video.

Wakati ule machimboni kulikuwa na kilio kimoja: walinzi bandia. Watu wanavaa sare, wanafukuza wachimbaji, wanabeba magunia yao, wanatokomea. Wachimbaji walikuwa wameapa, atakayekamatwa tena hatafika polisi. Atavishwa tairi na kuchomwa moto.

Na anayeshona sare bila kibali anakwenda jela. Sitawadanganya, wazo la kwanza lilikuwa jela. Nilijiona ndani, watoto wangu wawili wakiniletea chakula kwenye sufuria. Gael alikuja wa pili.

Simu ya Wivine ikalia tena. Safari hii ni sauti, mtu anahema:

"Tulimukamata! Ni faux garde, bakubwa ba pa site habamujue! Mulete pneu!"

Kusikia mlinzi bandia na tairi, Wivine akaanza kupiga mayowe. Mimi nilishaanza kutafuta pikipiki.

Tulipanda wawili nyuma ya dereva mmoja. Mvua ya juzi ilikuwa imegeuza njia kuwa tope jekundu, tunateleza kushoto, tunateleza kulia, na mimi namgonga dereva mgongoni aongeze mwendo. Kila moshi niliouona mbele nilisema ndiyo hivyo, wamemaliza.

Hawakuwa wamemaliza.

Gael alikuwa amepiga magoti katikati ya watu labda arobaini. Kofia bado kichwani, kitambaa bado usoni, amekishikilia kwa mkono, lakini kimelowa damu. Jicho moja limefunga. Mwanamume mmoja mnene alikuwa amesimama kando na tairi begani, anasubiri tu aambiwe.

"Weye ni nani?" wakamwuliza.

"Mi ni garde. Mutoke pa mashimo. Hakuna muntu kurudia mule."

Wakampiga.

"Weye ni nani?"

"Mi ni garde. Hakuna muntu kurudia mule."

Nilidhani amerukwa na akili. Sema wewe ni mwigizaji, mpumbavu wewe! Neno moja tu, uokoke! Lakini alirudia lile lile, kwa ile sauti ya jukwaani, na wao wakarudia kumpiga.

Nikapasua umati kwa viwiko.

"Mumuache! Ni comédien! Ni muntu wa théâtre, na mi njo nilishona hii nguo!"

Gael aliinua kichwa. Akanitazama kwa lile jicho moja, akatikisa kichwa: hapana. Nikamwona. Nikadhani ni maumivu.

Yule wa tairi akanisogelea. "Mama, ile troupe tunaijua. Nguo zao ziko na kasoro, mi nazionaka kila mara. Hii kasoro yake iko wapi?"

Watu wakainama kutazama. Vifungo, sawa. Nembo, sawa. Mabega, sawa.

"Haina!" mtu akasema. "Huyu mama iko pamoja naye! Ni bevi bawili!"

Nikawa mwizi na mimi; mkono ukanishika shingoni kwa nyuma. Jamani, woga wa siku ile sijui niuandikeje. Nilihisi mkojo unanitoka na sikujali.

"Kola!" nikapiga kelele. "Mugeuze kola! Musome!"

Yule wa tairi akageuza kola. Akasoma polepole, kidole juu ya herufi: "Mi-an-da... Cou-ture."

Akanitazama. Akatazama sare. Nami nikapata nguvu ya kujivuta mbele, nikakishusha kitambaa usoni mwa Gael, nikamvua na kofia.

"Eh! Ni Gael! Mudogo wa Tharcisse!"

Mmoja akaanza kucheka. Kisha wa pili. Kisha kicheko kikawapitia wote, na ule mkono ukaniachia shingo. Tairi likawekwa chini. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa furaha, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila aibu.

Tharcisse akatokea katikati ya watu. Alikuwa kaka yake Gael na mkubwa wa timu yao ya kuchimba. Naye alikuwa ametolewa shimoni kwa filimbi ile, akikimbia kama wenzake, na sasa alikuwa na aibu ya kumkimbia mdogo wake.

"Gael, ni weye? Unanikimbiza miye mukubwa wako na nguo ya théâtre?" Akatema mate pembeni. "Bandugu, turudie ku kazi. Kumbe ni mchezo."

Wakaanza kurudi, wanacheka, wanapigana mabega.

Gael akashika kitenge changu kwa mikono miwili.

"Mama Mianda, juu ya nini ulisema?"

"Bangekuua, Gael!"

"Kule juu udongo ulipasuka. Tangu mvua. Siku mbili naambia bo, Tharcisse njo wa kwanza, banasema mi ni muoga. Leo na hii nguo tu njo balitoka. Bote balitoka, Mama! Uambie bo ya kama ulidanganya. Uambie mi ni garde!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Murudi!" nikapiga kelele. "Murudi! Udongo umepasuka! Utaanguka!"

Wakageuka, wakatutazama sisi watatu, mimi na tope langu, Gael na damu yake, Wivine anayelia.

"Mama naye iko mu mchezo!" mmoja akasema.

Na wakatupigia makofi.

Gael akainuka, mguu hauwezi kukanyaga vizuri, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Mtu mmoja akampigia saluti ya mzaha. Wengine wakacheka zaidi. Sare ilikuwa ile ile, kila kifungo mahali pake, na haikuweza tena kumsimamisha hata mmoja.

Nilikimbia. Nikamkamata mchimbaji wa nyuma kiunoni, nikamng'ang'ania, akaniburuta hatua kadhaa akinitukana. Wivine akamkamata mwingine. Waliokuwa karibu wakasimama kutazama kituko, na kusimama kule ndiko kulikowaokoa.

Tharcisse hakuangalia nyuma. Alishuka wa kwanza, wawili wakamfuata.

Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti ya gunia kubwa likiangushwa chini, basi. Nilipoinua macho, ukingo wa lile shimo haukuwepo.

Walichimba kwa mikono, wale wale waliokuwa wakicheka. Wawili walitolewa hai, mmoja amevunjika mgongo. Tharcisse alitolewa alasiri, maiti. Gael alimpangusa udongo usoni kwa mkono wa ile sare, na hakuna aliyethubutu kumgusa Gael.

Kuhusu jela niliyoiogopa, hakuna aliyekuja kuuliza kitu.

Kwenye kilio cha Tharcisse wachimbaji walikuja kumsalimu Gael mmoja mmoja. Yule wa tairi alipiga magoti. Mimi walinisalimu kwa heshima, wakanipa kiti, na hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu.

Nilimtafuta Tata Kalonji, nikamwambia ukweli: kwamba ndani ya ile nguo hapakuwa na kasoro yoyote, nilidanganya. Nilitaka anifukuze.

"Kama ungeiweka," mzee akasema, "pale asubuhi hakuna hata mumoja angetoka mu shimo."

Kisha akaondoka. Hakusema kama amenisamehe, nami sijamwuliza.

Nahesabu kila siku. Uongo wangu uliwatoa wote. Ukweli wangu ulimwokoa Gael ukamrudisha Tharcisse shimoni. Gael bado ananiita Mama, bado ananisalimu, lakini kwenye kikundi hajarudi.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua hili moja. Ukimkuta mtu amevaa kisicho chake, usikimbilie kumvua mbele ya watu, hata kama unampenda, hata kama unataka kumwokoa. Inama kwanza, umwulize sikioni: umevaa kwa ajili ya nani?

Gael alinitikisia kichwa. Mimi sikuinama.