Wanja Dirishani

Ninyi wasichana mtakaosoma karatasi hizi, mmeniuliza sana mimi hupaka nini usoni. Mnauliza huku mmeshika simu, kana kwamba nikitaja tu mtakimbia dukani. Nitajibu mara moja, maana nimechoka kuulizwa, na maana jibu lenyewe liliwahi kuniponza nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Vitu vyangu ni vitatu. Cha kwanza ni maji baridi na sabuni ya mche, hiyo hiyo ya kufulia. Msikunje pua, uso huu mnaousifu umeoshwa nayo. Cha pili ni mafuta ya shea, yale ya manjano ambayo wanawake wa vijijini huponda mbegu na kuchemsha siku nzima mpaka yaelee juu, yana harufu ya moshi kidogo. Nachota kiasi cha haragwe moja, nasugua viganjani mpaka yayeyuke, napaka uso, shingo, masikio na midomo. Yanayobaki yanakwenda kwenye visigino. Cha tatu ni wanja. Si ule wa kalamu. Ni wa jiwe, uliosagwa, umo ndani ya kichupa cha shaba chenye kijiti chake. Unachovya kijiti, unakikung'uta, unakifumbia jicho, unakivuta. Jicho la kulia, jicho la kushoto, kwisha. Nikianza wakati birika ya chai iko motoni, namaliza kabla haijachemka. Ijumaa peke yake ndiyo naongeza unga wa mtama uliolowekwa, najisugua nao ngozi kavu itoke.

Poda sipaki. Rangi ya mdomo nilipakwa siku moja na mjukuu wangu, yule anayepamba maharusi Arua mjini, nikaifuta kwa kanga kabla sijafika mlangoni. Yeye ana sanduku zima, brashi za kila ukubwa, fandesheni za rangi zote kuanzia maziwa hadi tofali. Saa nzima anamchora mtu, na akimaliza bi harusi anafanana na dada yake. Simlaumu. Ni kazi, inamlisha, na mara nyingine inanilisha mimi.

Sasa, vitu hivi havikutoka dukani. Mafuta yalitoka kwa dada yangu mkubwa, aliyeishi Ayivu, ambako nilizaliwa. Mama yetu alituacha mapema, kwa hiyo mkono ulionipaka mafuta utotoni ni wa dada, na ulikuwa mkono mzito. Alikuwa anashika kidevu changu kama anashika mbuzi. Hata nilipoolewa Koboko hakuacha, kila mwaka alinitumia kopo moja.

Wanja nilipewa na mama mkwe. Kwetu tulikuwa Wakristo, mambo ya wanja hatukuyajua. Nilisilimu nikaolewa na askari. Mimi Mlugbara, yeye Mkakwa, tukaelewana kwa Kiswahili cha kambini, hiki hiki ninachowaandikia ingawa hapa nimekinyoosha kidogo. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe alinikalisha mkekani akaniambia, "Hapa kwetu mwanamke hatoki nje macho iko uchi." Akanipaka. Nikalia machozi meusi. Niliporudi Ayivu kusalimia, dada aliniangalia muda mrefu halafu akauliza, "Nani amekupiga?" Nilipomweleza maneno ya mama mkwe, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikaendelea kupaka, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, miaka yote. Kichupa kilikaa dirishani, kando ya kopo la kutawadhia. Hakikukaa na manukato. Kwangu mimi wanja haukuwa pambo, ulikuwa kama kunawa.

Mume wangu alifariki wakati mtama unakomaa. Nikaingia eda. Kwa wale msiojua: mwanamke aliyefiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi, havai rangi, hajipaki manukato wala hina wala wanja, na hasafiri. Wanawake wa ukoo walikusanya bangili zangu, udi wangu, kanga za maua na kile kichupa, wakaweka vyote katika sanduku, wakafunga. Sikuona uzito. Mtu umemzika mwenzako, unataka udi wa nini? Uzito ulikuwa mlango. Kukaa nyuma ya mlango huo siku baada ya siku, kuusikia mji unapita nje na mimi sipiti.

Halafu ikaja simu kutoka Ayivu. Dada anaumwa. Miguu imevimba, uji anakunywa vijiko viwili, anauliza mimi niko wapi. Wakanipa niongee naye. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mdomo ni ule ule.

"Mdogo wangu, siku zako zimebaki ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Nitakungoja. Ila zikiisha usije ukatembea kwa madaha."

Tangu hapo nilihesabu kwa vidole, kama mtoto.

Zilipobaki kumi na mbili mvua kubwa ilinyesha ikavuja chumbani. Mjukuu wangu, huyo mpambaji, alikuwa amekuja kukaa nami. Alitoa vitu vyote, akafungua sanduku lililolowa, akaanika, akapangusa, na jioni akarudisha kila kitu mahali pake. Msichana msafi. Udi akauweka juu ya kabati. Kichupa cha wanja akakiweka dirishani, kando ya kopo, kwa sababu tangu azaliwe alikiona hapo.

Asubuhi niliamka gizani, nikanawa, nikasali, nikapaka mafuta. Yaliyofuata sikumbuki. Hayo ndiyo niliyosema siku ile na ndiyo ninayosema leo. Sikumbuki.

Ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Abuku kwa boda na gunia la muhogo kunitazama. Ni mwanamke wa kuogopwa. Hata kaka zake askari walikuwa wanazima sigara wakimwona. Aliketi, akapokea maji, akainua kopo anywe, akaliteremsha.

"Hiyo nini iko kwa macho yako?"

"Macho yangu yana nini?"

"Wewe nauliza mimi?"

Nikapitisha kidole chini ya jicho. Kikatoka cheusi. Nilikiangalia kidole hicho kama si changu.

"Ndugu yangu iko chini ya udongo, hata majani haijaota juu yake," akasema, "na wewe iko napamba macho. Kwa ajili ya nani? Yule mzee ya kuuza mafuta ya taa?"

"Wifi, nimesahau."

"Mutu nasahau ufunguo. Mutu nasahau chumvi. Macho mbili, moja kisha ingine, hiyo nasahauliwa namna gani?"

Mjukuu wangu akatoka jikoni. "Habuba, bibi yangu, ni mimi, mimi ndiye nilirudisha—"

"Nyamaza," nikamwambia. "Mkono ni wangu."

Mzee wa msikiti aliitwa. Hakukaa sana. Alisema aliyesahau hana dhambi, aoshe uso aendelee na hesabu yake. Wifi akamuuliza, "Na kama hakusahau?" Mzee akasema hilo analijua Mungu na mwenyewe. Alipotoka wifi akafunga mlango.

"Na mimi nataka kujua," akasema. "Ninyi watoto ya Ayivu, dini inaishia kwa nguo. Sikia. Anza tena kutoka siku ya kwanza, kwa heshima ya ndugu yangu. Hutaki? Nenda kwa dada yako leo hii. Lakini ukienda, kaa huko huko."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nikianza upya, dada hangengoja miezi minne. Nikiondoka, nyumba ambayo kaburi la mume wangu liko nyuma yake, nyumba ambayo nimezalia watoto wote, isingenipokea tena. Sikulia. Nilikuwa nimechoka kuliko kulia. Nilimwambia, "Wifi, lala hapa. Uniangalie."

"Nalala," akasema. Akachukua kichupa akakifunga katika pindo la kanga yake, mafundo mawili.

Alfajiri tukaamka pamoja, tukasali pamoja, hatukusalimiana. Yeye akaenda kwenye jiko la mkaa kutengeneza chai, pale pale mlangoni ambapo ananiona. Mimi nikaketi na kopo la mafuta. Kiasi cha haragwe. Uso, shingo, masikio, midomo. Visigino. Nilikuwa nafikiria Ayivu, nafikiria kama usiku ule simu haikulia basi dada amelala salama.

Nikasikia kikombe kimegonga sahani. Nikainua macho kuelekea huko, au nilijaribu, maana jicho langu la kulia lilikuwa limefumba. Mkono wangu ulikuwa usoni. Vidole viwili vilikuwa vimebana kitu kisichokuwepo, na jicho limekifumbia. Mkono ulikuwa umekwenda dirishani, umepapasa pasipo na kichupa, umerudi na kijiti cha hewa, na mimi mwenyewe sikuwa na habari.

Wifi alikuwa amesimama. Mbele yake kulikuwa na vikombe vitatu vimejaa. Changu kina sukari, chake kina sukari, na cha tatu hakina. Ndugu yake alikuwa hatii sukari. Katika nyumba ile, tangu tuoane, kila wifi akilala kwetu yeye ndiye alimimina chai ya kaka yake, hakumwachia mtu.

Nikavitazama vikombe. Yeye akautazama mkono wangu. Nikaushusha.

Alikaa chini taratibu, magoti yakalia.

"Siku ngapi inabaki?" akauliza.

"Kumi."

"Basi kumi."

Akachukua kikombe kile cha tatu, akanywa yeye, akakunja uso. "Chai mbaya namna hii. Alikuwa nakunywa namna gani?"

Alibaki nami siku zote kumi. Kila alfajiri alikaa pale mlangoni. Siku za kwanza mkono ulikwenda, akawa anakohoa kidogo, naurudisha. Siku ya sita ukaenda nusu. Siku ya mwisho ulikaa pajani, ukatulia kabisa. Nililiona hilo, na halikunifurahisha.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, nikaoga, nikafukizwa udi, nikavaa kanga ya maua. Wifi akafungua mafundo mawili akanipa kichupa. Nikakitia katika mkoba na kukisahau humo. Tukapanda gari la Arua, mjukuu na mimi, halafu boda mpaka Ayivu. Njia nzima nilikuwa natazama mashamba ya muhogo kama mgeni, jua linaniumiza. Sikutembea kwa madaha.

Dada alikuwa amelazwa chumba cha nyuma. Alikuwa mdogo kitandani, kama mtu aliyelala kwenye nguo za mwingine. Binti yake akamwinamia, akamwambia nimefika. Dada akanikazia macho.

"Huyu si yeye," akasema kwa lugha yetu. "Mdogo wangu ana macho. Huyu macho yake yako uchi."

Nikafikiri akili imeanza kuondoka. Kisha nikaona kona ya mdomo inacheza.

"Hakuna aliyenipiga siku hizi," nikamwambia.

"Basi leta hicho kitu."

Alitaka kunipaka yeye, yeye aliyekicheka, lakini kijiti kilimtetemeka mkononi, akanirudishia. Nikapaka mwenyewe, nimekaa ukingoni mwa kitanda, bila kioo. Mkono ulikuwa mzito, kama wa mwanafunzi. Yeye anasimamia.

"Kushoto umezidisha. Futa. Ehe. Sasa wewe ndiwe."

Halafu nikachukua mafuta yake. Kiasi cha haragwe. Nikashika kidevu chake, na mkono wangu haukuwa mzito. Uso, shingo, masikio, midomo. Yaliyobaki nikayapeleka kwenye visigino vyake vilivyovimba. Mjukuu wangu alisimama mlangoni na sanduku lake la brashi, hakulifungua.

Dada aliishi siku sita baada ya hapo, na siku zote sita nilikuwepo. Tulipomzika nilikaa hadi matanga yalipokwisha, ndipo nikarudi Koboko, kwenye nyumba yangu. Mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa ndani amenipikia.

Jioni ile niliwaita wote, watoto, wakwe, wajukuu, na wifi akiwemo. Nikaweka kichupa dirishani mbele ya macho yao, kando ya kopo, nikawaambia hivi, nanyi mnaosoma msikie pia: "Siku nyumba hii ikipata msiba, kabla hamjaita watu, kabla hamjateka maji, mtu mmoja atoe wanja dirishani ampe wifi yangu aufunge kwenye kanga, na akiwa hayupo, mwanamke mkubwa kuliko wote. Mvua inyeshe, paa livuje, asiurudishe mtu. Siku zikiisha, urudishwe asubuhi hiyo hiyo, na mfiwa apakwe na mwingine kama mkono wake umesahau. Msingoje mwenyewe aombe."